Mabasi ya haidrojeni: Moshi hakuna, lakini gharama je?

WAGENI waliofika katika mji mdogo wa Whistler, magharibi mwa Canada, kwa Michezo ya Olimpiki ya msimu wa baridi mwaka wa 2010 walilakiwa na mabasi ya ajabu. Yalikuwa 20, yote yakiendeshwa kwa haidrojeni, na hakuna kundi kubwa kuliko hilo lililokuwepo ulimwenguni wakati huo. Hayakutoa moshi wala masizi, ila mvuke wa maji tu.

Miaka minne baadaye, Machi 2014, mabasi hayo yaliondolewa barabarani na nafasi yake ikatwaliwa na mabasi ya dizeli.

Ili kuelewa ni kwa nini mradi uliogharimu karibu dola milioni 90 za Canada ulivunjwa mapema hivyo, ni vyema kwanza kufahamu jinsi mabasi haya yanavyofanya kazi.

Basi la aina hii halichomi haidrojeni jinsi injini inavyochoma dizeli. Gesi hiyo huhifadhiwa katika mitungi iliyofungwa juu ya paa, ikiwa imeshindiliwa kwa shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida mara 350 hivi. Kutoka humo huingia kwenye seli za fueli, ambamo hukutanishwa na oksijeni ya hewani kupitia utando mwembamba uliopakwa madini ghali ya platinamu. Kinachozalika ni umeme wa kuendesha mota, joto na maji. Kwa hakika hili ni basi la umeme, ila hujitengenezea umeme wake likiwa safarini.

Faida zake si za kubezwa. Linaweza kwenda zaidi ya kilomita 300 kabla ya kujazwa tena, na kulijaza huchukua dakika kumi hivi, ilhali basi la betri huenda likalazimika kukaa saa kadhaa likichajiwa. Kwa kampuni ambayo mabasi yake hutoka alfajiri na kurejea usiku wa manane, hilo ni jambo kubwa.

Tatizo ni gesi yenyewe. Haidrojeni haichotwi mahali kama maji kisimani; sharti itengenezwe. Sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani hutokana na gesi asilia, na kila kilo moja huacha takriban kilo 10 za hewa ya kaboni. Basi hutumia kama kilo tisa za haidrojeni kwa kilomita 100, kumaanisha kilo 90 za kaboni zimekwisha kutolewa kiwandani. Basi la dizeli linalotumia lita 40 kwa umbali huo hutoa kilo 107 hivi. Abiria anayesubiri kituoni ameepushiwa masizi, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa mapafu yake, lakini anga haijanufaika pakubwa.

Njia safi ni kupasua maji kwa umeme usiotokana na makaa au mafuta. Hapo nako bili hupanda. Kilo moja huhitaji zaidi ya uniti 50 za umeme, hivyo kilomita 100 zitakula uniti 450 au zaidi. Basi la betri huweza kumaliza safari hiyohiyo kwa uniti 150 au pungufu.

Hesabu kama hiyo ndiyo iliyolifanya jiji la Montpellier, Ufaransa, kuachana na mpango wa kununua mabasi 51 ya haidrojeni mnamo Januari 2022. Viongozi wake walieleza kuwa kila kilomita ingegharimu senti 95 za yuro kwa haidrojeni, na senti 15 pekee kwa umeme wa moja kwa moja.

Kule Whistler hali ilikuwa mbaya hata zaidi. Haidrojeni ilisafirishwa kwa malori kutoka Quebec, upande wa pili wa nchi, mwendo wa zaidi ya kilomita 4,000. Ni vigumu kuuita usafi wa mazingira. Isitoshe, kila basi lilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni mbili za Canada.

Hata hivyo, si kila mahali mambo yamekwenda mrama. Katika eneo la Cologne, Ujerumani, viwanda vya kemikali huzalisha haidrojeni kama masalio ya shughuli zake, na kampuni ya uchukuzi ya huko imefikisha mabasi zaidi ya 100. Swali basi ni umbali uliopo baina ya gesi na karakana ya mabasi.

Kenya, ambako takriban asilimia 90 ya umeme hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, haijafuata njia hiyo. Mabasi ya betri yalianza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka wa 2022. Nao mkakati wa haidrojeni uliozinduliwa na serikali Septemba 2023 ulitanguliza mbolea, bidhaa ambayo mkulima huinunua kwa bei ya nchi za ng'ambo, na ambayo utengenezaji wake huhitaji haidrojeni kwa vyovyote vile.