Dawa ya Matende Ilitengenezwa kwa Ajili ya Ng'ombe

Mwaka 2000 Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, wilaya ya kwanza kugawiwa kingatiba ilikuwa Mafia. Mgawa dawa hupita na fimbo iliyochorwa alama, na kila mtu husimama kando yake. Aliyefika sentimita 90 humeza kidonge kimoja cha ivermektini, 120 viwili, 141 vitatu, na kuanzia 159 vinne. Kila mmoja huongezewa kimoja cha albendazoli. Mtoto asiyefika 90 huachwa, mjamzito na mgonjwa mahututi vilevile. Urefu hutumika badala ya uzito kwa sababu fimbo haiharibiki njiani, na yeyote anayejua kusoma alama anaweza kuitumia.

Mmezaji halipi kitu. Nani basi aliyelipa? Anayetaka kujua jinsi viwanda vya dawa vinavyofanya kazi duniani aanze na swali hilo.

Katikati ya miaka ya 1970, mtafiti wa Kijapani Satoshi Omura wa Taasisi ya Kitasato alichukua udongo karibu na uwanja wa gofu katika mji wa Ito. Ndani yake mlikuwa na bakteria ambao hakuna aliyekuwa amewaona. Taasisi yake ilikuwa na mkataba na kampuni ya Merck ya Marekani, akawapelekea. Huko William Campbell na wenzake waliwajaribu kwa panya wenye minyoo, na minyoo ikafa. Wakemia waliirekebisha kemikali iliyotoka kwa bakteria hao iwe na nguvu zaidi na salama zaidi, ikaitwa ivermektini. Ugunduzi huo uliwapa Omura na Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini Merck hawakuwa wakitafuta dawa ya mtu wa Kilindoni wala wa Jibondo huko Mafia. Walitafuta dawa ya mifugo, kwa maana mfugaji wa Ulaya na Amerika ana fedha na ng'ombe wake wana minyoo. Ivermektini iliingia sokoni mwaka 1981 kama dawa ya wanyama, ikauzwa sana. Albendazoli nayo ilianzia katika idara ya mifugo ya kampuni ya SmithKline. Vidonge vyote viwili vilivyomezwa Mafia vilizaliwa kwa ajili ya mnyama wa tajiri.

Nayasema haya bila kuwalaumu watafiti. Kutengeneza dawa ni gharama kubwa na hatua ni ndefu: maabara, wanyama, kisha watu wachache wenye afya kuangalia usalama, kisha wagonjwa wachache, kisha wagonjwa wengi wakilinganishwa na wasiopewa dawa hiyo. Nyingi hukwama njiani. Zinazofika mwisho hulindwa na hataza, kwa kawaida miaka 20 tangu maombi yawasilishwe, ili mwenye nayo auze peke yake na kurudisha fedha zake. Mfumo huo hutafuta mnunuzi kabla ya mgonjwa, na mgonjwa asiye na fedha haonekani.

Ivermektini ilimfikia binadamu kwa sababu Campbell alipendekeza ijaribiwe dhidi ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho. Mwaka 1981 daktari wa Merck, Mohammed Aziz, alianza kuijaribu kwa wagonjwa Senegal, kwa dozi ndogo sana. Ikafanya kazi. Kampuni ikatafuta serikali au shirika la kuinunua kwa ajili ya maskini, ikakosa. Oktoba 1987 mkuu wake, Roy Vagelos, akatangaza kuwa itatolewa bure kwa muda wowote itakaohitajika. Mwaka 1998 ahadi hiyo ikapanuliwa kufikia matende katika nchi za Afrika zenye usubi pia, na SmithKline Beecham ikaahidi albendazoli. Miaka miwili baadaye Mafia ikameza.

Bure si mwisho wa kazi. Dawa inayotumika nchini hupita kwa mdhibiti, ambaye leo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na maghala ya umma ni ya Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kisha kuna maji ya kuvuka hadi Kilindoni, na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo nyuma yake. Mwishoni kabisa yuko mgawa dawa na fimbo yake. Kwangu mimi huyo ndiye kiungo muhimu kuliko wote, maana kidonge kisichomezwa hakina thamani.

Naye hupambana na maneno. Pwani yetu watu wengi wamelelewa wakiambiwa mabusha huletwa na madafu. Dafu halina kosa. Mbu humwambukiza mtu minyoo inayokaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka, ikiachia watoto wake kwenye damu usiku, wakati mbu wanauma; ndiyo maana wapimaji wengi huchukua damu karibu na saa sita usiku. Ivermektini huwafagia watoto hao lakini minyoo mikubwa mingi hubaki hai. Kwa hiyo umezaji hurudiwa kila mwaka, angalau miaka mitano, na anayeruka mwaka kwa kuwa haumwi chochote anaweza kuendelea kuwaambukiza jirani zake kupitia mbu. Aliyekwisha kuvimba, kidonge hakimrudishi alivyokuwa. Busha lake linahitaji upasuaji, na mguu wa tende unahitaji kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji, kukaushwa vizuri na kuinuliwa.

Dawa salama ya kuiua minyoo mikubwa kwa umati bado inatafutwa. Moja iliyojaribiwa dhidi ya usubi huko Ghana ni emodepsidi. Kisiwani Pemba imejaribiwa dhidi ya minyoo ya tumbo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Hiyo pia ilivumbuliwa Japani, na kabla ya hapo ilikuwa ikiuzwa kwa ajili ya paka na mbwa.