Kwelea kwelea: Kadogo, lakini kanamaliza shamba!

Mtu akitaja mbuga mnawaza simba na tembo tu, si ndiyo? Mie wa Singida nawaza ndege asiyefika gramu 30, mdomo mwekundu utadhani kapaka rangi ya saluni. Ndiye kwelea kwelea. Wataalamu wanasema hakuna ndege wa porini aliye wengi kama yeye duniani kote.

Jamaa huyu ni mtoto wa nyasi. Kwenye tambarare la Wembere, kule Iramba mpaka Igunga, mvua ikinyesha nyasi zinapanda mpaka ndama anapotea. Chakula chake hasa ni mbegu za nyasi hizo, wala si mtama wetu. Kasheshe huanza na mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Mbegu zilizolala ardhini zinachipua zote kwa mpigo, na iliyochipua hailiki tena. Njaa inamkamata, anahama. Akirudi nyasi zimeshazaa, anajenga kwenye migunga yenye miiba, mti mmoja viota mamia. Makinda yakishajua kuruka, nyasi nazo zinakauka, na huku mtama na uwele ndiyo kwanza vinakomaa. Wee acha tu!

Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Unacheka? Haya, kundi la milioni mbili linakula tani 20 kwa siku moja! Ndiyo maana ya kuamia: alfajiri uko juu ya dungu, debe mkononi, kombeo begani, mpaka jioni sauti imekauka. Nilipokuwa shule ya msingi, msimu huo niliujua kwa madawati matupu.

Ndege za kunyunyiza sumu huletwa, zikiwemo za shirika la kudhibiti nzige wa jangwani, DLCO-EA, lililoanzishwa mwaka 1962. Lakini sumu haichagui. Mwewe na bundi wakila mizoga nao wanakwenda, na hao ndio waliokuwa wakitusaidia bure. Majirani zetu wa Kondoa wana akili zaidi, wanawatega na kuwafanya kitoweo. Ila asikudanganye mtu ukaokota waliopigwa dawa!

Wengine wamekimbilia mahindi, kwa kuwa maganda yake na punje kubwa vinamshinda kwelea. Sawa, lakini jua la Singida mnalijua? Mvua ikikatika, mahindi yanakunjamana wakati mtama bado umesimama.

Bibi yangu kagoma kabisa. Anapanda mtama mwekundu, ule mchungu. Anasema ndege wakionja wanatema, wanahamia kwa jirani mwenye mweupe. Ugali wake unakwaruza ulimi kidogo, sikatai, lakini ghala lina kitu. Na jirani, nasikia, keshakuja kuomba mbegu.