Nauli Usiyolipa Hulipwa na Nani?

JE, msomaji, wewe ni mmoja wa wale wanaoshikwa na usingizi wa ghafla pindi makanga anapoanza kukusanya nauli? Ama humtolea noti ya shilingi elfu moja alfajiri, ukijua fika kwamba hana chenji, ukitumaini kwamba atakusahau? Wapo pia wanaofoka, "Nimeshalipa!" na wengine huchomoka kwa mlango wa nyuma basi linapopunguza mwendo kwenye msongamano. Vijana huita mchezo huu kubebwa sare, na husimuliana kana kwamba ni ushujaa.

Wengi hujitetea kuwa mwenye gari ni tajiri, hivyo nauli ya mtu mmoja haiwezi kumfilisi. Hapo ndipo wanapokosea. Katika matatu nyingi jijini Nairobi, mwenye gari huwawekea dereva na makanga kiasi cha pesa anachotaka kila jioni. Kiasi hicho hakipungui kwa sababu abiria fulani ametoroka. Mafuta nayo lazima yanunuliwe. Kinachosalia ndicho riziki ya hao wawili. Kwa hivyo, ukiruka nauli, hujamwibia tajiri bali umemnyang'anya makanga unga wa watoto wake.

Hebu tupige hesabu ndogo. Matatu ya viti 14 ikipoteza nauli za abiria wawili tu katika kila safari, baada ya safari saba imepoteza nauli za gari zima. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo hukimaliza.

Nauli na matatu ni chanda na pete. Hata jina lenyewe latokana na nauli ya zamani, yaani sarafu tatu za senti kumi. Tangu wakati huo mbinu za malipo zimebadilika mara nyingi. Mnamo 2014 serikali ilitaka abiria walipe kwa kadi badala ya pesa taslimu, lakini mpango huo haukudumu. Siku hizi wengi hulipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007, na ujanja nao umehamia kwenye simu. Kuna anayemwonyesha makanga ujumbe wa zamani, na kuna anayelipa kisha kuomba pesa zirudishwe mara tu anaposhuka.

Ni kweli kwamba makanga nao si malaika. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na chenji mara nyingine huyeyuka. Abiria aliyedhulumiwa jana huona kwamba leo ni zamu yake kulipiza kisasi. Lakini huenda anayemwadhibu leo siye aliyemkosea jana.

Nanyi wazazi, mna neno lenu. Kumpakata mtoto mdogo ili asilipiwe kiti ni jambo ambalo makanga wenyewe hulikubali. Lakini ukimnong'onezea mwanao, "Akikuuliza, mwambie tumelipa," umemfunza somo ambalo mwalimu wake atapata taabu kulifuta. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa mwanafunzi mambo huwa magumu zaidi, kwani mfuko mara nyingi ni mtupu. Hata hivyo, kuruka kutoka kwenye gari linalokwenda kwaweza kukugharimu mguu, au uhai, kwa sababu ya pesa chache tu.

Ufanyeje basi? Uliza nauli kabla ya kupanda, na ubebe pesa ndogo ndogo. Ukipungukiwa, mwambie makanga ungali mlangoni. Wako watakaokufukuza, lakini wako pia watakaokuambia, "Ingia, kaa pale nyuma." Aliyebebwa kwa hisani hushuka bila kukimbia, na kesho yake anaweza kupanda gari lile lile akiwa ameinua uso.