Ushuru wa mchele humlipisha nani?

Ushuru wa forodha ni jambo ambalo wengi wetu huku vijijini hulidhania kuwa ni la watu wa bandarini tu.

Hapa Segese sisi ni wakulima wa mpunga. Mimi mwenyewe, pamoja na kazi ya kufundisha, nina majaruba machache. Siku moja niliwapa wanafunzi wa darasa la sita hesabu hii: mchele wa shilingi 1,000 kutoka ng'ambo ukitozwa ushuru wa asilimia 75, utafikia shilingi ngapi? Walipata 1,750. Nikauliza, hizo 750 analipa nani? Karibu wote wakajibu, "Mgeni." Sikuwalaumu, kwani hata wazazi wao wangejibu hivyo. Kumbe mwagizaji huzilipa forodhani, kisha huzirudisha kwa kumpandishia bei mnunuzi.

Asilimia 75 si mfano wa kubuni. Ndicho kiwango kilichowekwa kwa mchele wa nje wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza umoja wa forodha mwaka 2005, kwa nia ya kumkinga mkulima. Nia hiyo ni njema. Lakini tujiulize kinga hiyo inamfikia nani. Wengi wetu huuza mpunga mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu ya madeni, matibabu na sare za watoto. Ikifika Februari, ghala ni tupu, nasi twaenda dukani kununua mchele kwa bei ya juu. Hivyo mkulima anailipia kinga yake mwenyewe, na faida humwendea mwenye uwezo wa kuweka akiba.

Isitoshe, ukuta huo ulikwisha kutugeukia. Mwaka 2013, bei ya mchele ilipokuwa imepanda mijini, mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru. Bei ikaanguka ghafla, na wakulima waliokwisha gharamia kilimo wakapata hasara. Kisha baadhi ya majirani zetu, wakihofia kwamba mchele wa Asia unapitishwa kwetu na kuitwa wa Tanzania, wakautoza mchele wetu asilimia ile ile 75. Tukaumia mara mbili: nyumbani bei imeshuka, na mpakani mlango umefungwa.

Ndugu Mhariri, ushuru mkubwa una tabia nyingine: huzaa magendo. Ukanda wetu wa dhahabu ni shahidi. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, mchimbaji mdogo alidaiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, mbali na mrabaha. Wengi wakauza gizani. Mwaka huo Serikali ilifuta kodi hizo mbili na kufungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita mwezi Machi. Dhahabu ya wachimbaji wadogo ikaanza kupita mezani, na Serikali ikapata mrabaha wake. Yaani kwa kutoza kidogo ilikusanya zaidi.

Sisemi milango yote ifunguliwe kesho asubuhi. Yaliyotokea mwaka 2013 yametufundisha. Nasema hivi. Kwanza, ushuru upunguzwe kidogo kidogo, na mkulima ajulishwe kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Pili, mchele wetu upite bila kikwazo hadi Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya, na cheti cha kuonyesha ulikotoka kipatikane karibu na mkulima. Malori ya Rusumo hupita Kahama kila siku. Soko hilo ni letu kwa jiografia. Tatu, fedha zielekezwe kwenye maghala ya ushirika na skimu za umwagiliaji, ili tushindane kwa mavuno na si kwa ukuta.

Mkulima wa Segese haogopi mashindano. Anachoogopa ni kupanda chini ya sheria moja na kuvuna chini ya nyingine.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Segese, Shinyanga.