Muti na Sufuria: Musaada wa Inje, Pori Yetu na Mutu Maskini



Kama unatafuta kazi huku Kivu, umekwisha kuona neno hili: "mazingira na maendeleo". Karibu kila ONG inataka proje yenye italinda pori na kupunguza umaskini kwa wakati mumoja. Ku karatasi, hayo mambo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Lakini fika Rutshuru ao Kalehe, utaona hao ndugu wanagombana, na mara mingi mwenye anashindwa ni mutu maskini. Leo ninapenda kueleza wazo hilo lilitoka wapi, namna gani linatumika kwetu, na ni wapi linakwama.

Wazo lilianza wapi

Katika mwaka 1972, Umoja wa Mataifa ulifanya mukutano mukubwa wa mazingira ku Stockholm. Inchi tajiri zilikuwa zinasema juu ya moshi na maji machafu. Indira Gandhi, waziri mukuu wa India, akawakumbusha kama mazingira haiwezi kupona wakati watu wanabakia katika umaskini. Kisha, katika mwaka 1987, tume ya Gro Harlem Brundtland ilitoa ripoti yenye ilitangaza neno "maendeleo endelevu": tutumie vya leo bila kuharibia watoto wetu vya kesho. Rio ikafuata katika 1992, na katika 2015 yale malengo 17 yenye tunafundishwa ku iniversite.

Wafazili wakageuza hilo wazo kuwa feza. Katika 2021, ku Glasgow, Kongo ilipatana na CAFI, mufuko wa kulinda mapori ya Afrika ya Kati, juu ya dola milioni 500 kwa miaka 5. Feza ziko, basi. Swali ni hili: zinafika namna gani mpaka ku sufuria ya mama?

Virunga na hesabu ya makala

Tuchukue Virunga. Hiyo parki ilianzishwa katika 1925, ni ya kwanza katika Afrika yote, na ina karibu kilometre za mraba 7,800. UNESCO iliiandika ku urithi wa dunia katika 1979, na tangu 1994 iko ku liste ya zile zenye ziko katika hatari. Mwaka huo wakimbizi mamia ya maelfu walitoka Rwanda wakakaa pembeni ya parki. Walihitaji kuni za kupika, na kuni zilikuwa mu parki. Hakuna mwenye alitaka kuharibu. Watu walikuwa wanapika tu. Miaka hii ya nyuma tuliona tena jambo lile ku kambi za wakimbizi wa ndani, ku Kanyaruchinya na Bulengo.

Hata wakati wa amani, nyumba mingi za Goma zinapika na makala. Maharagi inakaa ku mbabula saa mingi. Sasa fuata njia ya gunia moja. Kijana anakata miti, anaipanga, anaifunika na majani na udongo, anawasha moto na kungoja siku kadhaa. Miti mingi inaingia, makala inatoka kidogo. Kisha mwenye bunduki anachukua fungu lake. Ku barabara kuko bariere, kila bariere na feza yake. Mwenye kamio anachukua yake, muchuuzi yake. Yule kijana mwenye alikula moshi ndiye anapata kidogo kuliko wote. Na ikiwa walinzi wa parki wanamukamata, ni yeye anaingia gereza, hapana mwenye kamio.

Biashara hiyo inaua pia. Katika mwezi wa 7 wa mwaka 2007, masokwe wa jamaa ya Rugendo waliuawa, na watu wenye walifuata ile kesi walionyesha biashara ya makala. Walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kufa juu ya Virunga, na hao pia ni watoto wa huku, wana wajane na mayatima.

Musaada wa inje ulijaribu njia mbili. Ya kwanza ni EcoMakala, proje yenye WWF ilianza katika 2007: mulimaji apande miti ku shamba yake mwenyewe, akate, achome, auze makala yenye haitoke mu parki. Ya pili ni umeme. Parki, pamoja na feza za wafazili, ilijenga mitambo ya maji, kama Matebe mu Rutshuru, yenye ilianza kazi katika 2015 na megawati karibu 13. Wazo ni hili: umeme ulete viwanda vidogo na mashini za kusaga, vijana wapate kazi, waache pori na bunduki.

Mimi ninaona njia hizi mbili ni nzuri. Taa ilifika mahali penye hapakuwa na taa. Lakini sisi wenye tulisoma tunapaswa kuona pia mahali zinapungukiwa.

Kupanda miti kunaomba shamba. Mwenye anachoma makala mu parki mara mingi hana shamba, na ni juu ya ile alienda mu parki. Proje inasaidia jirani yake mwenye kuwa na hekta, yeye inamuacha palepale. Tena muti unaomba miaka kadhaa mbele ya kukatwa, lakini njaa ni ya leo mangaribi.

Umeme nao unawasha taa na kuzungusha mashini, lakini sufuria ni jambo lingine. Mama mwenye anauza ndizi ananunua makala ya siku moja, mu kasashe kadogo, na feza ya siku ile. Ili apike na umeme anapaswa kwanza kununua resho na kulipa kurant mbele ya kuitumia. Hata kama kwa mwezi muzima bei ingekuwa nafuu, ile feza ya kuanzia hana. Umaskini ni vile: unamulazimisha mutu kununua kidogo kidogo, kwa bei kali.

Kahuzi-Biega: wakati mutu anafukuzwa

Kuko na jambo nzito kuliko hilo. Parki ya Kahuzi-Biega ilianzishwa katika 1970 na kupanuliwa katika 1975. Bambuti, wenye wanaitwa pia Batwa, walifukuzwa mu pori ya babu zao, bila mashamba, bila malipo ya kweli. Kwa miaka mingi parki ilipata musaada wa Ujerumani na wengine, na hao watu walibakia pembeni, kati ya wale maskini zaidi mu Kivu ya Kusini. Katika 2018 wamoja walirudia mu parki kwa nguvu. Miti ikakatwa, watu wakauawa. Katika 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Watu ilitangaza uamuzi wake: Leta ya Kongo ilivunja haki zao.

Hapa tunaona kama ulinzi wenye unaleta umaskini haulinde kwa muda murefu. Ukimufukuza mutu mwenye anajua pori, siku moja atarudi na hasira, na wenye kuuza mbao watapita nyuma yake.

Maswali matatu

Kwa hiyo, siku utakaa ku meza kuandika proje, ao kuisoma, uliza maswali haya matatu.

La kwanza: nani analipa? Dunia yote inapata faida ya hewa safi na ya masokwe, lakini mwenye anakatazwa kulima ni mutu wa kijiji. Musaada unapaswa kuanza na yeye.

La pili: udongo ni wa nani? Leta yetu ilikwisha kufungua mulango: tangu 2014 kijiji kinaweza kuomba pori yake ya jamii, mpaka hekta 50,000. Karatasi hizo ni ngumu kutayarisha. Ni kazi yenye kijana mwenye diplome anaweza kusaidia wazee wake kufanya.

La tatu: kati ya leo na siku ile faida itafika, watakula nini? Kama proje haina jibu la hilo swali, gunia la makala litajibu.

Ripoti mingi zinahesabu miti yenye ilipandwa. Mimi ningependa zihesabu pia nyumba zenye zilipika bila kuingia mu parki. Siku hesabu hizo mbili zitaandikwa ku ukurasa mumoja, ndipo nitaamini kama mazingira na maendeleo ni ndugu kweli.

Kwenu, huko munaishi, kijana mwenye anachoma makala angeacha kazi hiyo juu ya nini? Muulizeni yeye kwanza, mbele ya kuuliza mufazili.