Sura ya Sita: Mkataba wa Mali na Sakramenti ya Ndoa

Wachumba wanaotaka kufunga ndoa katika Kanisa Kuu la Regina Mundi, Bujumbura, hawawezi kuikwepa komini, kwa kuwa serikali ya Burundi inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wake tu. Hapo suala la mali huibuka, na wengi wenye mali hujiuliza: je, Mkatoliki anaruhusiwa kuandikiana mkataba wa mali na mchumba wake?

Jibu limo katika ridhaa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, inasema ridhaa ya wawili ndiyo inayoleta ndoa. Kanuni ya 1102 inabatilisha ndoa iliyofungwa kwa sharti la mambo yajayo: anayeoa mradi biashara ya mkwewe isifilisike, hajaoa. Na kwa kanuni ya 1101, anayeikataa kwa dhati ndoa isiyovunjika, ridhaa yake ni batili. Hati iliyotungwa kwa nia hiyo inaweza kuwa ushahidi katika mahakama ya Kanisa.

Lakini si kila hati ina nia hiyo. Tuseme mjane mwenye watoto watatu anauza vitenge katika soko la Kwa Siyoni, kwenye duka aliloanzisha na marehemu mumewe. Sasa anaolewa tena, na kabla ya harusi anaandikiana na mchumba wake kwamba duka lile na nyumba ni vya watoto hao. Hapo hajaitilia ndoa sharti lolote. Amewatendea yatima haki, na mume mpya ameingia akijua kilicho chake na kisicho chake. Burundi, ambako mirathi imeachiwa mila kwa miaka mingi na ardhi ya baba huenda kwa wana wa kiume, karatasi hiyo inaweza kumwokoa binti.

Je, hati ikitaja kutengana? Kanisa lenyewe linaruhusu wanandoa kutengana kwa sababu nzito, kifungo cha ndoa kikibaki. Katekisimu, namba 2383, inavumilia hata talaka ya kiserikali ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki, malezi ya watoto au urithi. Kwa hiyo neno hilo peke yake haliibatilishi ndoa.

Ipelekeni hati kwa paroko mapema, kabla ya mahojiano ya wachumba. Kwa kila kifungu mwulizane kinamlinda nani. Kinachomlinda mtoto, mjane au mdai, kibakizeni. Kinachomwandalia mmoja wenu njia ya kuondoka, kifuteni, kisha mzungumze kwa nini kiliandikwa, maana hofu hiyo inahitaji tiba kabla ya kiapo.