Chuma Hurithiwa, Raba Hairithiwi

Waswahili walinena kuwa rahisi yavunja upishi, na neno hili halithibitiki upesi popote kama mbele ya kaunta ya duka la spea. Leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya miguu ya gari kuukuu la fahari, yaani zile springi, shokabzoba, boli jointi na bushi ambazo mafundi wetu huziita kwa jumla suspensheni. Gari ninalolikusudia ni Mercedes ya namna ya W124, iliyoanza kutoka viwandani Ujerumani mwaka 1984, na saluni zake zikaendelea kuundwa huko hadi 1995.

Hapa Mombasa gari hili lina heshima yake. Limewachukua mabibi harusi kwa miaka mingi, na wazee wengi hawajui kiti chengine cha starehe njiani. Nyumbani kwetu tunalo moja, 230E ya mwaka 1990, na kazi yake kubwa siku hizi ni kumpeleka mama hospitali na kumrudisha. Mgongo wamuuma, na kila tuta hulipokea mwilini mwake. Basi kwangu mimi habari ya miguu ya gari hili si habari ya fahari tena. Ni habari ya mama.

Kwanza tuelewe kila kitu na kazi yake. Springi hubeba uzito. Shokabzoba huituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Boli jointi ndiyo kifundo cha mguu, kinachoshika gurudumu huku kikiliacha ligeuke. Bushi ni raba zinazokaa kwenye viungo ili chuma kisigongane na chuma. Katika gari hili kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono mitano, na mikono hiyo ina raba zake. Likiwa zima hupita juu ya barabara mbovu kwa upole wa ajabu. Likichoka, kelele zake hazina idadi, na fundi mvivu atakwambia badilisha shokabzoba tu.

Usikubali upesi. Mwambie apandishe gari kwa jeki, alitegemeze barabara, kisha achukue mtaimbo atikise kiungo kimoja baada ya kimoja. Kiungo kinachocheza kitajisema chenyewe. Shokabzoba iliyolowa mafuta imekwisha. Tairi iliyolika upande mmoja inashitaki raba au vipimo vya magurudumu. Springi itazame pale chini inapokalia, kwani hewa yetu ya chumvi huila hapo, na ikikatika hukatika kwenye duara la mwisho.

Ukishajua kilichokufa, ndipo uende dukani. Huko utakuta milango minne. Wa kwanza ni spea yenye nyota ya Mercedes yenyewe, na bei yake yajulikana. Wa pili ni spea ya viwanda vilivyokuwa vikiiuzia Mercedes: Lemförder kwa boli jointi na mikono, Sachs na Bilstein kwa shokabzoba. Mara nyingi ni kitu kile kile katika boksi jengine, na wakati mwengine waweza kuona pale ilipokuwapo nyota pamekwanguliwa. Wa tatu ni spea iliyotumika, inayotoka Ujapani, Uingereza au Imarati. Wa nne ni bandia.

Rai yangu ni kwamba mwenye mfuko wa kiasi, kama mimi, akae kwenye mlango wa pili, na mlango wa tatu auingie kwa masharti. Sharti lenyewe walijua zamani mafundi wa majahazi. Fundi akitengeneza chombo kikuukuu, aweza kutumia ubao uliotoka katika chombo chengine, maadamu ni mzima. Lakini kalafati hairudiwi. Pamba yatakiwa mpya na mafuta mapya. Gari nalo ni hivyo hivyo. Mkono wa chuma usiopinda wala kuliwa na kutu, nunua uliotumika bila ya wasiwasi. Lakini raba, boli jointi na shokabzoba, usizinunue zilizotumika hata ukipewa kwa bei ya mkate. Raba huzeeka hata ikikaa rafuni, na maji na mchanga vikishaingia ndani ya boli jointi, macho hayavioni. Chuma hurithiwa, raba hairithiwi.

Springi zina hesabu yake pia. Mercedes ilizichagua kwa uzito wa kila gari na vyombo lilivyofungwa, ndiyo sababu W124 mbili zaweza kuwa na springi mbalimbali. Nenda na nambari ya chesisi, usiende na neno "ya Mercedes" peke yake. Juu ya springi hukaa raba yenye vipele. Kipele kimoja ni unene wa kama milimita 8, na kila kipele kikizidi, unene huongezeka kama milimita 5. Gari likiinama upande mmoja, hesabu vipele kabla ya kulaumu springi.

Springi na shokabzoba nunua mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Bushi za mikono zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hujinyonga na kupasuka kabla ya siku zake. Springi ya mbele isitolewe ila kwa chombo chake maalumu cha kuibana, kwani ikifyatuka yaweza kuua mtu. Kisha magurudumu yapimwe upya.

Sasa tuseme juu ya mlango wa nne. Jirani yangu mmoja aliuziwa boli jointi katika boksi zuri, duka silitaji. Haikumaliza miezi minne. Siku moja akikata kona polepole, gurudumu la mbele likajikunja chini ya gari. Alhamdulillahi, mwendo ulikuwa mdogo na hakuumia mtu. Lau angekuwa njia ya Malindi na watoto ndani, tungekuwa tunasema maneno mengine.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 inakataza biashara ya bidhaa ghushi. Lakini sisi tulionywa kabla ya sheria hiyo. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta juu kukavu na chini maji, akamkemea mwenye mali. Boli jointi ya bandia ni rundo lile lile, ila hili hubeba roho za watu.

Kwa hiyo, msomaji, pesa zisipotosha, anza na kinachoshika gurudumu: boli jointi na viungo vya usukani. Kisha raba, kisha shokabzoba, kisha springi ikiwa haijakatika. Starehe yaweza kungoja mwezi ujao. Na ukimpata muuza spea anayekwambia, "Hii usiichukue, si nzuri," mshike sana, kwani huyo ni adimu kuliko spea zote.